Rubondo: kisiwa kilichohamisha watu na kukaribisha wageni

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita)



Juma lililopita nilipita Kariakoo kutafuta kitoweo. Kijana mmoja aliyepanga samaki wake juu ya meza, pembeni mwa Mtaa wa Swahili, aliniita kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Njoo uchukue sato. Huyu ni wa Mwanza, mwenyeji kabisa wa ziwa, si wa kufugwa." Nikaitika marahaba, nikamwambia kwamba samaki nitamchukua, lakini habari ya uenyeji tuiache, maana sato naye ni mgeni katika Ziwa Victoria kama mimi na yeye tulivyo wageni hapa Dar es Salaam. Kijana akanitazama kidogo, kisha akapunguza bei. Alidhani nakosoa samaki wake ili nipate nafuu.

Sikuwa natania. Sato tunayemla leo aliletwa katika ziwa lile miaka ya 1950. Mwenyeji wa asili ni ngege, ambaye siku hizi ni adimu. Sangara naye alianza kuletwa miaka hiyo ya 1950, na akaendelea kupandikizwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda na Kenya, akitolewa katika maziwa mengine ya kaskazini. Uamuzi ulikuwa wa maofisa. Walitaka samaki mkubwa mwenye nyama nyingi, na kwa kweli walimpata. Lakini kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amewala furu, wale samaki wadogo wa asili, hata mamia ya aina zao hayakuonekana tena.

Habari hiyo ya samaki wengi wetu tunaijua kidogo. Habari ninayotaka kuizungumza leo haijulikani sana, nayo ilitokea katika ziwa hilo hilo, karibu miaka hiyo hiyo. Ni habari ya kisiwa ambacho watu wake waliondolewa, kisha wakaletwa wanyama wageni, na baadhi ya wageni hao walianzia safari yao ya nchini hapa hapa, katika bandari yetu ya Dar es Salaam. Kisiwa hicho ni Rubondo.

Ukitazama ramani ya Ziwa Victoria, utaona kona upande wa kusini-magharibi, mahali paitwapo Ghuba ya Emin Pasha. Hapo ndipo kilipo kisiwa cha Rubondo, kilometa zipatazo 150 magharibi ya mji wa Mwanza. Tangu mwaka 2012 eneo hilo limo katika Mkoa wa Geita. Kisiwa ni kirefu na chembamba, kama kilometa 28 kutoka kaskazini hadi kusini, na sehemu kubwa yake ni msitu mnene unaofika mpaka ukingoni mwa maji. Hifadhi nzima ina kilometa za mraba zipatazo 457, na karibu nusu yake ni maji pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka kisiwa kikubwa. Neno hilo "maji" naomba ulishike, tutalirudia.

Wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, kwa upande wa wanyama, ni viboko, mamba, tumbili, pongo, fisi maji, chatu, na yule swala wa majini aitwaye nzohe, mwenye kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kutembea katika matope na mafunjo bila kuzama. Simba hakuna. Chui hakuna. Hilo nalo lishike.

Na kwa upande wa binadamu? Watu walikuwapo. Walikuwa Wazinza, ndugu zao wale wa bara ya pili, ambao waliishi kwa kuvua samaki na kulima migomba. Wakati wa Wajerumani msitu wa Rubondo ulitangazwa kuwa hifadhi, lakini watu waliendelea kuishi kisiwani. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliamua kwamba kisiwa kiwe cha wanyama. Wazinza wakahamishwa, wengine wakapelekwa visiwa vya jirani na wengine bara. Mwaka 1965 Rubondo ikatangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 1977 ikapandishwa daraja, ikawa Hifadhi ya Taifa.

Katika vitabu vingi vya wageni habari ya kuhamishwa kwa Wazinza huchukua mstari mmoja, kisha kitabu kinaendelea na ndege na vipepeo. Lakini sisi wa mjini tunajua kuhama ni nini. Wako wasomaji wa gazeti hili walioishi bonde la Jangwani, wakapatwa na mafuriko ya Desemba 2011, na mapema mwaka 2012 wakapelekwa Mabwepande. Hao hawahitaji kuelezwa. Kuhama si kubeba godoro na sufuria peke yake. Ni kumwacha mteja wako, jirani yako, kaburi la mzazi wako, na mti ulioupanda mwenyewe. Kwa mvuvi ni kuuacha ufuko ambao anajua kila jiwe lake. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Nasema ulikuwa na gharama, na waliolipa gharama hiyo kwanza ni Wazinza. Tunapoihesabu Rubondo kuwa mali ya taifa, hesabu hiyo haina budi kuanzia hapo.

Sasa, kisiwa kikishaachwa wazi, nani aingie? Hapa anatokea Profesa Bernhard Grzimek. Huyu alikuwa Mjerumani, mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt, na ndiye yeye na mwanawe Michael waliohesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo. Michael alifariki kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na jina la Serengeti likajulikana dunia nzima. Kwa hiyo Profesa Grzimek alipozungumza juu ya wanyama, wakubwa wa huku na wa kule walimsikiliza.

Fikra yake juu ya Rubondo ilikuwa nyepesi kuieleza. Bara kulikuwa na ujangili, mashamba yalikuwa yanapanuka, na baadhi ya wanyama walikuwa wanapungua. Kisiwa kina maji pande zote na hakina simba wala chui. Basi kifanywe kama safina ya Nuhu. Wakaletwa faru weusi wapatao 16. Wakaletwa twiga. Wakaletwa mbega, wale wenye joho la manyoya meupe na meusi. Wakaletwa swala wakubwa waitwao korongo, na paa wadogo waitwao suni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaletwa tembo wachache wenye umri mdogo.

Lakini wageni walioshangaza kuliko wote ni sokwe. Mwaka 1966 meli kutoka Ulaya ilitia nanga katika bandari ya Dar es Salaam, na miongoni mwa shehena yake walikuwamo sokwe 11. Fikiri hapo, msikilizaji. Miaka mitano tu baada ya Uhuru, makuli wetu wamezoea kupokea mashine, saruji na mitumba, na leo wanapokea sokwe, tena kutoka Ulaya! Tumezoea kusikia wanyama wa Afrika wakipakiwa kwenda Ulaya. Hawa walikuwa wanarudi. Makundi mengine yalifuata, na kufikia mwaka 1969 sokwe wapatao 17 walikuwa wamefunguliwa katika kisiwa cha Rubondo.

Hata hivyo neno "kurudi" lina walakini. Sokwe wale hawakuwa wa Kigoma, kwenye misitu ya Gombe na Mahale ambako sokwe wa Tanzania wanaishi tangu zama. Walikamatwa wakiwa wadogo katika misitu ya upande wa magharibi ya Afrika, maelfu ya kilometa kutoka ziwani. Na sokwe mtoto hakamatwi kwa kubembelezwa. Mara nyingi mama yake huuawa kwanza. Baada ya hapo walipelekwa Ulaya, wakaishi katika vizimba vya bustani za wanyama na sarakasi, wengine kwa miezi, wengine kwa miaka mingi. Walizoea kulishwa na binadamu. Hawakuwa wamefundishwa lipi ni tunda na lipi ni sumu, wala jinsi ya kufunga matawi juu ya mti yawe kitanda.

Walipofika kisiwani masanduku yalifunguliwa, nao wakaachiwa. Hapakuwa na shule ya kuwazoesha msitu. Kwa muda mfupi walisaidiwa chakula, kisha wakaachwa wajitegemee. Na wakajitegemea! Katika muda wa mwaka mmoja hivi walikuwa wanatafuta chakula chao cha porini na kujenga viota vya kulalia. Baadaye wakazaa. Leo idadi yao ni makumi kadhaa, na wengi wao ni wajukuu na vitukuu ambao hawajawahi kuona kizimba. Wanamkimbia binadamu kama sokwe yeyote wa porini, hata imewachukua watunzaji wa hifadhi muda mrefu na uvumilivu mwingi kuwazoesha baadhi yao wasitoroke wakiona watalii.

Lakini kila safari ina makovu yake. Madume wawili kati ya wale wa kwanza, ambao hawakuwaogopa watu kwa sababu walikuzwa na watu, waliwashambulia binadamu, na wakapigwa risasi. Aliyemtoa porini ni binadamu, aliyemzoesha binadamu ni binadamu, na aliyemwadhibu kwa mazoea hayo ni binadamu.

Na wale wengine je? Twiga wapo, mbega wapo, suni wapo, na tembo wameongezeka sana. Korongo wametoweka. Na faru? Faru wote waliuawa na majangili. Hakubaki hata mmoja.

Nataka tusimame kidogo hapo kwenye faru, maana ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Faru walipelekwa kisiwani kwa sababu moja kubwa: usalama. Ilifikiriwa kwamba maji ni ukuta. Lakini maji yale kwa mvuvi wa Nkome au Muganza si ukuta hata kidogo, ni barabara. Mtu mwenye mtumbwi, mwenye kujua upepo wa usiku, anaingia na kutoka kabla ya jogoo kuwika. Na bei ya pembe ya faru ilipopanda duniani, barabara hiyo ilitumika. Maji hayalindi kitu. Wanaolinda ni watu, na wanaoharibu ni watu.

Ili tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliojifunza hivyo kwa uchungu, hebu twende mbali kidogo, Marekani ya Kaskazini. Kuna ziwa liitwalo Superior, ambalo ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani. Letu la Victoria ni la pili. Katika ziwa hilo, upande wa jimbo la Michigan, kuna kisiwa kiitwacho Isle Royale. Nacho kimefunikwa na msitu, lakini ni msitu wa nchi za baridi kali, wa misonobari na miti mingine inayovumilia theluji miezi mingi ya mwaka. Nacho ni hifadhi ya taifa, tangu mwaka 1940. Nacho kilikuwa na wavuvi, na wavuvi hao, hata hifadhi ilipoanzishwa, baadhi yao waliruhusiwa kuendelea kukaa mpaka mwisho wa maisha yao. Angalia tofauti hiyo na yaliyowapata Wazinza, kisha uipime mwenyewe.

Huko maji yenyewe hugeuka daraja. Baridi ikizidi ziwa huganda, na mnyama anaweza kutembea juu ya barafu kutoka bara hadi kisiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mbwa mwitu walivuka hivyo, wakawakuta aina ya kulungu wakubwa sana, wenye pembe pana kama sinia, waliokuwa wametangulia kufika. Tangu mwaka 1958 wataalamu wamekuwa wakiwahesabu wawindaji hao na mawindo yao, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1980 mbwa mwitu walikuwa 50. Miaka miwili baadaye walibaki 14, na sababu kubwa ilikuwa ugonjwa wa mbwa wa kufugwa uliofika kisiwani. Halafu majira yakabadilika, barafu ikawa haigandi kama zamani, wageni wapya hawakuvuka, na waliobaki wakazaliana ndugu kwa ndugu. Kufikia mwaka 2016 walibaki wawili tu. Ikabidi wenye hifadhi wawalete wengine 19 kwa ndege na boti, mwaka 2018 na 2019.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba hata kisiwa cha mbali, katika nchi tajiri, kilichofungwa na theluji, hakikuweza kujilinda kwa kuachwa peke yake. Mbwa mmoja wa mgeni anatosha kukivuruga. Wajukuu wa sokwe wetu nao wametokana na wazee wachache sana, na hawana barafu ya kuwaletea damu mpya. Hilo watunzaji wao watalazimika kulifikiria siku moja, na heri walifikirie mapema.

Sasa narudi kwenye lile neno nililoomba ulishike: maji. Karibu nusu ya Hifadhi ya Rubondo ni maji, na katika maji hayo hairuhusiwi kuvua samaki kwa biashara. Katika vighuba vyake vyenye mafunjo samaki huzaliana na kukua bila kubughudhiwa. Samaki hasomi bango la mpaka. Akishakua anatoka, anaingia katika maji ya watu wote, ananaswa na nyavu za mvuvi halali, anapakiwa katika barafu, na safari yake inaweza kuishia juu ya meza pembeni mwa Mtaa wa Swahili. Kwa hiyo wewe wa Kariakoo, wa Ilala, wa Upanga, ambaye huenda hutafika Rubondo maishani mwako, unaila Rubondo pasipo kujua.

Hapa pana ugomvi wa kweli, nami sitaki kuuficha. Mvuvi wa kijiji cha jirani anaona maji yaliyojaa samaki, naye amekatazwa kuyagusa. Anajua kwamba watalii wenye fedha huruhusiwa kuvua humo kwa mshipi kwa ajili ya kujifurahisha. Anajua pia kwamba babu zake, au babu za jirani yake, walivua hapo. Ukimwambia kwamba hifadhi ni kwa faida yake, atakuuliza: faida iko wapi? Wengine wanajibu swali hilo kwa kuingia usiku na nyavu za macho madogo, au makokoro yanayokomba ziwa mpaka mayai ya samaki. Mwaka 2018 Serikali iliendesha Operesheni Sangara katika ziwa zima. Nyavu haramu zilichomwa moto, na malalamiko ya wavuvi yakafika mpaka Bungeni. Moto unaweza kuteketeza nyavu. Swali la mvuvi hauliteketezi.

Mimi naona jibu liko katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba wa pwani ya ziwa waone matunda ya hifadhi kwa macho yao: darasa, zahanati, ajira ya vijana wao katika boti na nyumba za wageni, na nafasi ya kusema kabla ya uamuzi kufanywa. Mtu aliyehamishwa mwaka 1965 bila kuulizwa, mjukuu wake aulizwe leo. La pili linatuhusu sisi walaji. Sheria inakataza kuvua sangara mwenye urefu chini ya sentimeta 50, yaani ambaye hajazaa bado. Lakini samaki huyo mdogo anavuliwa kwa sababu ana mnunuzi. Anaposafirishwa kwa siri, anasafirishwa kuja kwetu. Mlinzi wa Rubondo akikesha na bunduki yake juu ya maji, na sisi tukinunua mchana kile kilichoibwa usiku, basi mlinzi yule anafanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Ndugu msikilizaji, watu hupenda kusema kwamba hifadhi ni mahali ambapo Mungu aliumba na binadamu hajagusa. Rubondo inatukanusha. Mkono wa binadamu umo kila mahali: uliwaondoa Wazinza, uliwashusha sokwe kutoka melini, uliwaleta faru na ukawamaliza, uliwatia sangara na sato katika maji yale. Uzuri wa kisiwa kile leo, msitu wake na sauti za sokwe wake asubuhi, ni wa kweli, wala sioni haya kujivunia. Lakini ni uzuri uliolipiwa, na deni lake halijesha.

Yule kijana wa Mtaa wa Swahili nilimrudia juzi. Nikamsimulia habari hii yote, naye akasikiliza huku akipara magamba. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mzee, hao Wazinza walilipwa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nikanunua samaki wangu, safari hii kwa bei aliyoitaja, nikaenda zangu.

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo. Kwaherini.